Toa Tatu

Nyumbani, 4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na kwamba kifua chako kimepoa. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, ila mgongo humuuma siku za kubeba maji, yaani kila siku isipokuwa Jumapili. Simu yako bado haipatikani, kwa hiyo barua nimempa dereva wa lori la simenti. Anasema hupita mbele ya gereji yenu kila wiki na huwa anakuona.

Nitasema shida yangu mapema, maana mwalimu wetu wa Kiswahili anasema salamu zikizidi sana, msomaji huanza kushika mfuko wake.

Ni kuhusu pikapu. Unamkumbuka Kikohozi. Mama humpakia mapipa manane ya maji ya shule ya juu mlimani. Kikohozi hufika kona ya pili, hukohoa, huzima. Mama hurudi kinyumenyume, hushusha mapipa manne, hupanda, halafu huanza safari upya kwa yale yaliyobaki. Watu wa pale konani wakituona hupiga kelele, "Mshusheni mgonjwa!" Sasa mkuu wa shule amesema muhula wa Agosti ukifunguliwa anataka mapipa yote kwa safari moja, la sivyo kazi atampa mwenye trekta.

Nimesoma kitabu cha maktaba kuhusu injini za dizeli. Kinasema moshi unaotoka ukipitishwa kwenye feni, feni hiyo huzungusha nyingine inayosukuma hewa ndani ya injini, na gari hupata nguvu. Hiyo ndiyo turbo. Nimependa kwamba moshi uliokwisha kutupwa nje hurudi kuisaidia nyumba yake. Nilimwambia Mama. Akasema, "Moshi ukirudi ndani, watu hutoka machozi." Lakini alikuwa anacheka kidogo.

Wewe ni fundi wa turbo na mabomba ya moshi. Je, tunaweza kupanga ya Kikohozi, wewe na mimi? Vipimo vyote nitachukua mwenyewe. Tepu ya chuma ipo, ile ile uliyoikata nilipokuwa na miaka mitano.

Nimepata themanini na mbili katika hisabati. Mama akasema kama tusemavyo siku zote hapa nyumbani, "Toa tatu." Nikamwambia safari hii hakuna cha kutoa.

Binti yako akupendaye


Gereji, 19 Februari

Binti,

Marahaba. Mzima. Kifua kinakohoa kama pikapu yenu.

Nimecheka mpaka bosi akauliza nimekunywa nini. Ikabidi nimsomee. "Moshi hurudi kuisaidia nyumba yake"! Sasa kila anayewasha gari hapa anaimba hivyo. Wamekupa jina, Injinia wa Madaftari. Usinune. Wengine wanafanya kazi hapa miaka sita hawajapewa hata jina la mbuzi.

Nikwambie ukweli, mtoto wa darasani hapangi turbo. Turbo hupangwa na mtu aliyeungua nayo. Lakini nijibu: hiyo pikapu bado ina injini ile ile tuliyonunua nayo, au mama yako alishaibadilisha? Kama ni ile ile, tunaweza kuongea.

Toa ekzosi pale inapoungana na injini. Pale pana gasketi, lile bati jembamba la kuziba maungio. Iweke juu ya kadibodi, ichore kwa penseli, matundu yote, unitumie. Halafu pima bomba la moshi, kuanzia injini mpaka silensa. Lipime likiwa la moto, umetoka tu kuzima gari. Chuma hupanuka. Fundi anayepima chuma baridi anapima uongo.

Ukifanya vizuri nitaitengeneza. Nitaileta mwenyewe, nitaifunga mwenyewe, na nitakaa hapo mpaka niione inapanda huo mlima wenu. Mwambie mama yako hivyo, tuone atasema nini.

Baba


Nyumbani, 3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za kifua? Jaribu maji ya moto asubuhi kabla ya kuvuta hewa ya gereji. Sisi hatujambo.

Injini ni ile ile. Kadibodi ya gasketi iko ndani ya bahasha. Nimeikata kutoka kwenye boksi la sabuni, ndiyo maana nyuma yake kuna picha ya mwanamke anayefurahia kufua. Nati mbili ziligoma. Nilizipaka oili jioni, asubuhi zikakubali.

Bomba nimelipima likiwa la moto kama ulivyoagiza. Nilijifunga kitambaa mkononi lakini kilishika moto, nikaungua ndani ya mkono wa kushoto, kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko. Sikuachia tepu. Nilisoma namba kwanza ndipo nikatoka chini ya gari. Nesi alinifunga vizuri, nakuomba usiwe na wasiwasi. Naandika kwa mkono wa kulia, kwa hiyo shuleni sijakosa kitu.

Nilimwambia Mama uliyosema, kwamba utaleta mwenyewe na utakaa. Alianza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Nina swali. Kitabu kinasema bomba la kurudisha oili kutoka kwenye turbo lazima literemke moja kwa moja, lisipande mahali popote. Je, kwenye Kikohozi litapita wapi? Nimechora njia mbili upande wa pili wa karatasi.

Binti yako akupendaye


Gereji, 15 Machi

Injinia,

Ulipima KWELI bomba la moto?

Hapa wamelala chini kwa kicheko. Mwanangu, huo ni utani! Kila anayeanza kazi gereji hii tunamwambia apime bomba la moto. Wote hutukana na kwenda zao. Wewe umekuwa wa kwanza kuleta namba. Bosi amebandika barua yako ukutani, pale kwenye kalenda. Basi, kovu ni cheti cha fundi, wewe sasa umehitimu.

Mchoro wako unafanana na utumbo wa mbuzi aliyekanyagwa. Lakini njia ya oili ya kushoto ni sahihi. Ya kulia ingeunguza turbo kwa wiki moja. Sikukufundisha mimi hiyo, sijui umeitoa wapi.

Nitakushonea ovaroli ya bluu kama zetu, ili siku nikija tushike kazi pamoja usichafue sare. Kimo chako ni ngapi sasa? Nakukumbuka mfupi.

Vikombe vya mama yako navijua. Aliviosha hivyo hivyo siku niliyoondoka. Mwanamke yule angeweza kuosha kikombe mpaka kipotee.

Baba


Nyumbani, 27 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sijambo, na mkono unapona.

Sikujua kuwa ni utani. Ningejua ningecheka na mimi.

Kimo changu, kwa tepu yetu, ni 163. Mama alinipima jana kwenye fremu ya mlango, pale pale zilipo alama zote ulizoniwekea tangu nianze kusimama. Nashukuru sana kwa ovaroli. Nimemwambia rafiki yangu mmoja tu, ila nadhani yeye amewaambia wote.

Nimefurahi kuhusu njia ya oili ya kushoto. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi.

Mama anauliza, si kwamba anauliza, alisema tu huku akiangalia pembeni: ukija utakuwa unakula chumvi kama zamani au daktari amekukataza?

Binti yako akupendaye


Gereji, 20 Aprili

Injinia,

Ovaroli hiyo hapo kwa dereva. Usiringe.

Sasa sikiliza, sina muda. Nataka vipimo saba vya mwisho. A, uso wa injini mpaka boneti. B, uso wa injini mpaka ukuta wa nyuma yake. C, mpaka mhimili wa usukani. D, kushuka mpaka chesisi. E, hapo mpaka gia. F, gia mpaka ekseli ya nyuma. G, ekseli mpaka mwisho wa mkia.

Andika namba tupu. Sitaki hadithi, sitaki nesi, sitaki mama yako kasema nini. Ukurasa mmoja, namba saba. Mashine ya kukunja mabomba tumeazimwa kwa siku mbili tu, nikikosea sirudii.

Baba


Nyumbani, 25 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo.

A 41. B 28. C 33. D 57. E 64. F 112. G 139.

Nimepima kila kimoja mara tatu, kwa tepu ya nyumbani. Ovaroli imefika, asante. Tunakungoja.

Binti yako


Nyumbani, 30 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Miezi miwili sijapata neno lako, na dereva wa lori anasema anakuona ukiwa na afya, kwa hiyo sijui nifikiri nini.

Muhula unafunguliwa wiki ya pili ya Agosti. Mwenye trekta ameanza kupita mbele ya nyumba yetu polepole, akitupungia mkono. Kikohozi juzi alizima kabla hata ya kona ya kwanza. Mama alishuka akashusha mapipa matano peke yake, kwa sababu mimi nilikuwa kwenye mtihani. Alikataa nikose mtihani kwa ajili yake.

Dereva alisema jambo ambalo sikulielewa. Alisema gerejini kwenu ameona seti za mabomba zimepangwa ukutani kama bunduki, nyingi, na wewe ulimwambia ni kazi ya pikapu za machimbo ya kokoto. Akasema ni pikapu kama yetu. Nimefurahi kama umepata kazi kubwa. Je, yetu ni mojawapo kati ya hizo?

Naomba jibu hata la mstari mmoja.

Binti yako


Gereji, 9 Julai

We mtoto,

Ulipimia nini? Mkia wa paka?

Seti kumi na mbili! Vipande themanini na vinne, nimekata, nimekunja na kuchomelea vyote kwa siku mbili bila kulala, kwa namba zako. Mwenye machimbo alikataa kutoa gari hata moja la kupimia, magari yake hayapumziki. Nikamwambia bosi asiwe na shaka, pikapu hiyo naijua kama kiganja changu, na nyumbani nina injinia. Jana wameleta magari. Turbo inagonga boneti. Bomba limeegemea usukani, dereva hawezi kukata kona. Mkia umetokeza nyuma kama ulimi wa ng'ombe. La kwanza, la pili, mpaka la kumi na mbili, kila kipande kimezidi! Watu walewale waliokuwa wanakuimba, sasa wananiimba mimi.

Unauliza yenu? Nani alisema habari ya yenu? Turbo nzuri nikaifunge kwenye jeneza? Nilitaka vipimo, wewe ulikuwa na gari na ulikuwa na hamu. Basi. Na hata hizo namba saba umeshindwa. Kumbe ungekuwa na faida moja tu katika maisha yangu, nayo umeiharibu.

Mama yako alikuwa hivyo hivyo. Anafanya kitu mara tatu, na mara zote tatu anakosea.

Usiniandikie.


Stendi ya malori, 5 Agosti

Mwanangu,

Hamjambo? Mama hajambo?

Bosi amenitoa kazini. Vifaa vyangu amevizuia mpaka mabomba yalipwe. Nakohoa damu kidogo, si sana. Yale niliyoandika yalikuwa hasira, baba na mwana hawawekeani hasira. Nimelala hapa stendi siku nne na nimefikiri mengi. Nyumba ile niliijenga kwa mikono yangu, na kama alivyosema mtu mmoja mwenye akili, moshi hurudi kuisaidia nyumba yake.

Nitafika tarehe ishirini asubuhi. Mwambie mama yako anitengenezee kitanda, hata cha sebuleni. Kikohozi wenu nitamtazama. Tutapima upya, wewe na mimi, nikuonyeshe ulipokosea.

Baba yako


Nyumbani, 18 Agosti

Baba,

Shikamoo. Natumaini umefika salama. Barua hii sijampa dereva. Nimeibandika mlangoni, kwa hiyo ukiisoma umesimama pale pale ulipokuwa ukisimama kunipima.

Nitaanza na vipimo, kwa sababu uliniita mkosaji na mimi sikukosea.

Nilipokuwa na miaka mitano nilichezea tepu yako ya chuma. Ncha yake ilikuwa imepinda, ikanichana kidole. Ulikata sentimita tatu za mwanzo kwa mkasi wa bati, ukapiga tupa ukingo mpaka ukawa laini, kisha ukaniambia, "Sasa haiumi tena. Ila ukipima, toa tatu." Tangu siku hiyo tepu yetu inaanzia tatu. Tukipima pazia, toa tatu. Tukipima mlango, toa tatu. Mama akisikia mtu anajisifu, husema toa tatu. Huo ndio utani wetu mkubwa kuliko wote hapa nyumbani, na aliyeuleta ni wewe.

Ovaroli ilipofika miguu ilikuwa inaburuta chini. Mama aliukunja upindo, akaupima kwa vidole, akasema, "Hakutoa." Nikamwambia labda umeniachia nafasi ya kukua. Akaendelea kushona.

Kwa hiyo ulipotaka namba saba, nilijua kuna hatari. Niliandika "toa tatu" chini ya namba ya mwisho. Halafu nikafuta. Ukiishika karatasi ile kwenye mwanga utaona mahali kifutio kilipopita. Sikufuta kwa sababu ulitaka namba tupu. Nilifuta kwa sababu nilitaka kujua kama bado wewe ni mtu wa nyumba hii. Nilidhani ni mabomba ya Kikohozi tu, na yakikataa utakuja kuyarekebisha, nami nitakuwa nimepata siku mbili zaidi za kukaa na wewe. Sikujua kuhusu hayo kumi na mbili. Kwa hayo naomba radhi, kwako na kwa yule mwenye machimbo.

Barua yako ya Julai Mama hakuisoma. Nilimsomea, kwa sababu aliniambia nisome yote. Nilipofika kwenye "mara zote tatu anakosea" alisema, "Endelea."

Kesho yake tulikwenda kwa Mama Cheche, yule mwanamke anayechomelea mageti nyuma ya kinyozi. Nilimpa nakala ya mchoro wangu, ule uliouita utumbo wa mbuzi. Akauliza, "Namba hizi za kweli?" Nikamwambia atoe tatu kila mahali. Hakuuliza kwa nini. Turbo tuliipata kwenye lori dogo lililopinduka, Mama aliichagua mwenyewe kwa kuizungusha kwa kidole na kusikiliza. Bomba la oili limepita kushoto. Hakuna kilichogonga kitu. Wiki iliyopita Kikohozi alipanda na mapipa manane, akapita kona ya kwanza, akapita ya pili. Wale watu wa konani walikuwa tayari wamefungua midomo, wakabaki nayo wazi. Mama alipiga honi mpaka juu kabisa. Sikuwahi kumwona akipiga honi bila sababu.

Mkuu wa shule amempa kazi, na chumba nyuma ya stoo. Tunahamia huko leo. Kikohozi ameshapakiwa.

Sasa kuhusu tarehe yako. Nilipomsomea Mama kwamba utafika ishirini, alisema, "Toa tatu." Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Jana, tarehe kumi na saba, alitandika kitanda cha sebuleni. Alipika bila chumvi, akaweka chumvi pembeni kwenye kisosi, kwa sababu hukumjibu lile swali. Alitoa kiti cha tatu. Tulikaa kuanzia asubuhi. Kila lori likisimama barabarani alinyanyuka, akajifanya ananyoosha kitambaa cha meza. Lori la mwisho lilipopita aliosha vikombe vitatu, akapanga viwili kwenye boksi.

Nilimwambia si haki. Nilimwambia mtu akiandika ishirini anamaanisha ishirini, na kwamba wewe ni mgonjwa. Akasema, "Wewe ulimpima mwezi wa nne. Mimi nimempima leo. Tepu ni moja."

Na ni mimi niliyeanza.

Kikombe cha tatu kiko dirishani. Kitanda hatukukitandua. Ufunguo ni wa mtu aliyeinunua nyumba hii, anakuja mwisho wa mwezi, lakini mlango wa jikoni haufungi vizuri, unaujua, usukume kwa bega. Dawa ya kifua ni ile chupa ya kahawia, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, usinywe kwa chupa. Nesi aliyenifunga mkono yupo zahanati kila Jumatatu, mwambie wewe ni baba yangu.

Tepu nimekuachia. Nimeitundika kwenye komeo. Nimeipaka oili isishike kutu.

Ukipenda, tazama fremu ya mlango. Alama zote ni zangu. Ya juu kabisa ni ya jana, wakati tunakungoja, Mama alinipima ili siku ipite. Tepu inasoma 166.

Mimi si mrefu hivyo.

Binti yako